Kuazima Jua

Nilizaliwa upande wa jua, nikaolewa upande wa kivuli. Kati ya pande hizo mbili kuna mto mwembamba na daraja la mbao ambalo hata mzee kama mimi halimchoshi. Ng'ambo ile wote wanaitwa Hinata, yaani penye jua. Huku wote tunaitwa Hikage, yaani penye kivuli. Nasema "tunaitwa" kwa mazoea tu. Tumebaki mmoja mmoja: upande huu mimi, Sadae, mjane wa Kiyoharu, na upande ule kaka yangu Yoshitsugu. Nyumba nyingine zimefungwa, au zimelaliwa na theluji mpaka zikaanguka.

Mlima ulio nyuma ya nyumba yangu hauna huruma. Ikifika katikati ya Novemba jua linapita nyuma yake na halituoni tena mpaka Februari. Ng'ambo wanaota jua barazani, huku tunawatazama. Wageni wakipita wanasifia hewa safi ya bonde letu, kisha wanawasha gari na kwenda zao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kila asubuhi nikishawasha moto natazama ng'ambo kama kaka amefungua madirisha. Akifungua, najua amelala salama, ninywe supu yangu ya miso kwa amani. Hayo ndiyo mazungumzo yetu, na yamekuwa hayo tangu harusi yangu. Watu wanasema upweke ni kukosa wa kumtazama. Mimi ninaye wa kumtazama kila siku, na nawaambia haisaidii kitu.

Mwaka huu mambo yalianza kwa mtu wa halmashauri. Kijana mwenye adabu, aliinama sana, akakataa chai, akasema dubu wameshuka mpaka vijiji vya chini kwa sababu ya matunda yanayoachwa mitini. Mti wowote usiochumwa ukatwe kabla ya theluji. Akaangalia mkaki wangu uliosimama uani, umejaa makaki mekundu kama taa, wala hakuhitaji kusema zaidi. Mti ule Kiyoharu aliupanda mwaka tuliooana. Kaburi lake liko juu mlimani, siku hizi magoti hayanifikishi huko, kwa hiyo nikiwa na neno naye nauambia mti. Kijana akasema, basi chuma, Bibi, ukichuma hakuna atakayekugusia mti wako.

Kuchuma si kazi. Makaki yetu ni ya aina kali. Ukiliuma bichi ulimi unakakamaa na unajuta. Lazima yamenywe, yafungwe kwenye kamba, yaning'inizwe chini ya upenu kwenye jua na upepo wiki nyingi, hapo ndipo yanakuwa matamu na kutoa unga mweupe wa sukari. Ukiyaning'iniza kivulini yanaota ukungu. Na kuyachuma ili niyatupe, nitayatupa wapi ambako dubu hatayafuata? Mti ungebaki kwa jambo moja tu, kupata jua, na jua lililobaki bondeni ni la upenu wa kaka yangu.

Wazee walilimaliza jambo hili zamani. Kila nyumba ya kivulini ilikuwa na nyumba yake ya juani. Novemba tulivuka na vikapu tukaning'iniza makaki yetu kwenye upenu wao. Kiangazi wao walivuka kuja kwetu na mbegu na mayai ya viwavi wa hariri, wakayaweka kwenye pango letu lenye ubaridi yasianguliwe mapema. Yalikuwapo na maneno yake, na bila maneno hayo hakuna aliyegusa fito za upenu wa mwenzake. Mkubwa wa nyumba ya kivulini alisimama nje ya lango na kusema, "Sisi wa kivulini tumekuja kuazima jua." Mwenye nyumba akajibu kwamba jua halina mwenyewe, wapite, na kiangazi yeye atakuja kuazima kivuli.

Hivyo ndivyo nilivyompata Kiyoharu. Nyumba yao iliazima jua kwetu, akawa anakuja kuyabonyeza makaki ili yalainike, na akawa anayabonyeza mara nyingi kuliko yalivyohitaji. Baba alipong'amua alikasirika mpaka masikio yakawa mekundu. Binti wa Hinata haendi kivulini, huo ulikuwa mwiko usioandikwa. Nilipokwenda hata hivyo, Baba alisema nyumba iliyochukua binti haichukui na jua juu yake. Alizishusha fito za akina Kiyoharu kwa mikono yake mwenyewe. Kaka alikuwa amesimama nyuma yake, hakusema kitu, na Baba alipokufa aliendelea kutosema.

Tulipata jua kwa bibi mmoja wa nyumba ya chini kule ng'ambo, mpaka watoto wake walipomhamishia mjini na paa lake likaanguka. Kisha Kiyoharu naye akafa. Baada ya mazishi kaka alinitumia ujumbe kwa Bwana Ogiso, anayepita kila Alhamisi na gari lake la duka. Alisema damu ni nzito kuliko maji. Sheria inamruhusu mjane kurudia jina la kwao, basi nirudi niwe Hinata, chumba cha kusini ni changu, na makaki nining'inize nitakavyo. Ila kamba ya Hikage haitagusa upenu wake. Nilimwambia Ogiso amjibu kwamba nimesikia. Makaki yakaozea mtini mwaka ule, na uliofuata, na uliofuata.

Sasa mti wenyewe ndio ulikuwa unakwenda. Niliwaza sana juu ya chumba kile cha kusini, sitaki kudanganya. Nilikuwa nimechoka na baridi. Nilikuwa nimechoka pia kuzungumza na mti.

Siku ya pili baada ya yule kijana wa halmashauri, msichana akapanda njia na mkoba mgongoni, viatu vyeupe ambavyo kwetu haviishi siku. Alisimama uani akainama.

"Samahani, Bibi. Mimi pia ni Hikage."

"Pole," nikamwambia.

Akacheka akidhani natania. Aliitwa Chinatsu, kutoka Osaka. Baba wa babu yake alikuwa kitinda mimba wa nyumba ya juu, akaondoka kutafuta kazi na hakurudi. Alikuwa aolewe majira ya kuchipua na kuchukua jina la mume, na kwao yeye ndiye wa mwisho, kwa hiyo alitaka kujua anaacha nini. Shuleni walikuwa wakimwambia, we Kivuli, sogea huko, unatuzibia jua. Mtu mmoja wa mjini anayeuza asili za majina alikuwa amempa moyo: eti jina letu linatokana na mmea mmoja wa kutambaa unaoitwa vivyo hivyo, ambao wahudumu wa madhabahu walijivika kichwani enzi za wafalme.

"Alikulipisha?" nikamuuliza.

"Kidogo."

"Basi umeuziwa mbuzi kwenye gunia, mjukuu wangu. Geuka utazame nyuma."

Akageuka. Jua lilikuwa limefika kwenye ukingo wa mlima, na kivuli kilikuwa kinashuka uani kwetu, kinapita juu ya viatu vyake vyeupe, kinaelekea mtoni. Ng'ambo nyumba ya kaka ilikuwa bado inang'aa kama imepakwa siagi. Chinatsu alikitazama kivuli kile mpaka kikafika majini. Alijikunyata, nikamwambia aingie ndani.

Tulikaa kwenye meza yenye blanketi na moto chini yake, nikampa chai na figili za chumvi, nikamsimulia. Zamani watu wa chini hawakuwa na majina ya ukoo, hayo yalikuwa ya wenye panga. Kisha serikali mpya ikaamuru kila mtu awe nalo, na karani akatumwa huku milimani. Baba yangu alikuwa akiisimulia hadithi hii huku akijipiga tumbo kwa kicheko. Karani aliketi barazani kwetu, akanywa chai, akawapa watu wetu jina Hinata, kisha akanyoosha kiko chake kuelekea mtoni na kuuliza, na wale wa kivulini nao? Hakujisumbua hata kuvuka daraja. Akaandika Kivuli, akaomba chai nyingine.

Chinatsu aliinamisha kichwa. Nikamwambia asubiri, hiyo ni hadithi ya walioko juani.

Huku kivulini inasimuliwa vingine, na niliisikia kwa mama mkwe wangu majira yangu ya kwanza ya baridi, siku aliyonikuta nalia nikiwa nimeelekeza uso ukutani. Hakunibembeleza. Alisema ukipenda boga penda na ua lake, akanipa maharagwe nimsaidie kuchambua, akaanza kusimulia. Mzee wa nyumba zetu alivuka daraja yeye mwenyewe kumfuata karani. Karani akamwonea huruma, akamwambia achague jina zuri, watu wanachukua Korongo, wanachukua Msonobari, ni bure. Mzee akakataa. Akasema, "Ukiniandika Korongo jirani ataniambia ruka. Ukiniandika Msonobari ataniambia simama. Niandike Kivuli. Mtu anayeitwa Kivuli akibisha mlangoni, hahitaji kueleza amefuata nini."

"Ipi ni ya kweli?" Chinatsu akauliza.

"Karani amekufa, mzee amekufa. Mimi nimeolewa na ya pili."

Alizungusha kikombe chake mkononi. Akasema basi jina letu si la aibu, ni ombi. Nikamwambia ameelewa upesi kuliko mimi, maana mimi ilinichukua majira mengi ya baridi. Hapo ndipo alipouliza, kwa upole kabisa na bila nia mbaya, kama Bibi mwenyewe bado huenda kuomba.

Nilikasirika. Nilimwambia chai yake inapoa. Niliinuka nikajifanya natafuta kitu jikoni, na huko jikoni nikajikuta nafikiria kwamba maneno yale sijawahi kuyasema hata mara moja. Alipokuwa hai baba mkwe aliyasema yeye, kisha Kiyoharu. Mimi nilisimama nyuma na kikapu. Nimelibeba jina hili tangu usichana wangu bila kulitumia. Kiyoharu alipokufa, badala ya kwenda kuomba nilikaa nikingoja kaka aje aniombe radhi, na yeye akakaa akingoja nirudi kwa jina la kwao. Makaki hayakumngoja yeyote kati yetu.

Nilirudi na visu viwili.

Tulichuma mpaka giza likatufukuza, Chinatsu juu ya ngazi, mimi chini nikimgombeza. Asubuhi tulimenya. Vidole vyake vya mjini vilipata rangi ya kahawia ambayo sabuni haiitoi, na akafurahi, sijui kwa nini. Bwana Ogiso alipopita tuliona uso wake unabadilika alipotambua vikapu ni vya kwenda wapi. Akasema nisitegemee sana. Mzee wa ng'ambo siku hizi si yule, ananunua tofu, anaingia ndani, anatoka kununua tofu nyingine, na Alhamisi iliyopita alimwita Ogiso mwenyewe kwa jina la babaye. Mwana wa mzee huyo anakuja kumchukua theluji ikiyeyuka. Ogiso alisema alidhani najua. Ningejuaje? Madirisha yalikuwa yanafunguliwa kila asubuhi.

Nilivaa haori yangu nyeusi, lile joho la shughuli. Kama kaka angenifukuza, anifukuze nikiwa nimevaa vizuri. Tulivuka, Chinatsu na kikapu kikubwa mgongoni, mimi na kidogo, na tulipofika katikati ya daraja jua likatuangukia. Nilikuwa nimesahau lina uzito kiasi gani. Machozi yalinitoka kwa mwanga, na si kwa mwanga peke yake.

Langoni kwetu, kwa baba yangu, nilisimama nje ya kizingiti mahali anaposimama mtu baki. Kaka alitoka. Alikuwa amekonda, vifungo vya sweta vimepishana. Alinitazama machoni, akamtazama msichana, akatazama makaki. Kisha nikayasema.

"Sisi wa kivulini tumekuja kuazima jua."

Hakufikiri hata kidogo. Alijinyoosha mgongo, na ilikuwa sauti ya baba yetu iliyojibu.

"Jua halina mwenyewe, piteni mning'inize. Kiangazi nitakuja kuazima kivuli."

Nikabaki nimesimama. Nilingoja aseme Sadae. Alisogea karibu, akakishika kikapu changu kunisaidia, akaniuliza kwa adabu ile tunayowapa wageni.

"Mama, wewe ni wa nyumba gani kule?"

Chinatsu alinigeukia. Nilimfinya mkono anyamaze.

"Ya Kiyoharu," nikasema.

"Kiyoharu." Alilitafuna jina lile kwanza. "Huyo ndiye mwenye dada yangu."

"Ndiye."

"Dada yangu yukoje? Kule baridi kali, na yeye ni mtu wa baridi tangu utotoni. Miguu yake ilikuwa barafu tupu. Alikuwa akinibandika mgongoni tukilala, mpaka napiga kelele."

"Yupo," nikasema. "Anajitahidi."

"Nauona moshi wake. Kila asubuhi nikiuona ndiyo nafungua madirisha." Akashusha sauti kama mtu anayemsengenya jirani. "Lakini mbona haji? Upenu wote huu mtupu."

"Anaona haya kuomba."

Kaka alicheka, kicheko cha baba kabisa, akijipiga tumbo.

"Huyo ni Hinata, mama. Sisi hatukufundishwa kuomba."

"Amejifunza," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akaenda kuleta fito. Tulining'iniza safu kwa safu, yeye akishika ngazi, akinielekeza kama mtu asiyejua kazi, nami nikimwitikia ndiyo baba, sawa baba. Alitutolea chai. Baada ya dakika chache akatutolea chai nyingine, akashangaa kukuta vikombe tayari viko mezani. Nilikunywa vyote.

Wakati wa kurudi Chinatsu alibeba vikapu vyote viwili mpaka darajani. Hapo akasimama, akauliza kwa nini sikumwambia kaka yangu kwamba ni mimi.

"Ningemwambia, angempa jua dada yake," nikasema. "Hilo alishalitoa zamani, mimi ndiye niliyelikataa. Leo amempa Hikage."

Alifikiri. Akauliza kama yeye, akishachukua jina la mume, ataruhusiwa kuja kuyasema maneno yale. Nilimwambia aje tu, nitamwekea kikapu. Sikumwambia kwamba theluji ikiyeyuka hakutakuwa na mtu wa kumjibu, maana basi lake lilikuwa linakaribia, na kuna mambo ambayo si mzigo wa msichana anayekwenda kuolewa.

Kijana wa halmashauri alikuja, akautazama mti mtupu, akainama, akaondoka. Mkaki umesimama. Nauambia habari za ng'ambo.

Siku hizi nikiwasha moto naongeza tawi bichi ili moshi uwe mzito. Kisha nasimama mlangoni kivulini nikitazama madirisha yakifunguka na safu zangu za makaki zikiwaka juani chini ya upenu wa baba yangu. Kila baada ya siku chache navuka kwenda kuyabonyeza. Kila mara nasema maneno, kila mara ananijibu, ananiuliza mimi ni wa nyumba gani, kisha dada yake yukoje. Nilikuwa nikimjibu kwamba hajambo. Juzi nilichoka kusema hivyo. Nilimwambia dada yake yuko peke yake, na kwamba anamkumbuka kaka yake sana.

Aliinua macho kwenye upenu, mikono yake mgongoni. Kisha akapanda ngazi polepole, akachagua kwenye kamba zangu kaki moja lililoanza kutoa unga, akalikata, akaja akanitia mkononi na kuvifunga vidole vyangu juu yake.

"Mpelekee hili," akasema. "Mwambie bado halijakuwa tamu sana, lakini limeota jua."

Nilimshukuru kwa niaba yake. Nililila katikati ya daraja, kabla sijaingia kivulini.